Kuchagua kanzidata ya ufadhili wa utafiti kwa wahadhiri: tupime nini kabla ya kusaini?

Mratibu_Tafiti

Wakuu, habari za kazi. Chuo kinataka kulipia kanzidata moja ya kutafutia fedha za utafiti. Wahadhiri ni kama 400, kuanzia tiba na uhandisi hadi isimu na historia. Fedha zilizotengwa zinatosha usajili mmoja tu. Mezani kuna Pivot-RP, SPIN na GrantForward. Kila muuzaji anakuja na idadi kubwa ya matangazo, onyesho safi, na ahadi kwamba mfumo wake utampelekea kila mhadhiri fedha zinazomfaa. Ukishatazama maonyesho matatu mfululizo huoni tofauti tena.

Ninachotafuta ni namna ya kuzipima kwa vitendo, ili taarifa inayokwenda kwa kamati ya manunuzi iwe na tarakimu zetu wenyewe, si za kwenye vipeperushi. Na swali la pembeni: kuna haja gani ya kulipa ilhali wafadhili wakubwa karibu wote wanatangaza bure?

mkutubi_mifumo

Mkuu, idadi ya rekodi iweke kando kabisa. Ndani ya hayo makumi elfu ya matangazo kuna zawadi za insha, nauli za kwenda kwenye mikutano, tuzo za wanafunzi wa shahada ya kwanza, matangazo yaliyofungwa yakaachwa kwa kuwa huenda yakafunguliwa tena mwakani, na tangazo moja lililopasuliwa rekodi sita kwa sababu lina mada ndogo sita. Hesabu yenye maana ni ya matangazo ambayo mhadhiri wenu anaruhusiwa kuomba, bado yako wazi, na kiungo chake kinafika kwa mfadhili. Hiyo hakuna kipeperushi kitakachokupa.

Omba majaribio ya siku 30, na mifumo yote mitatu ianze siku moja. Ukijaribu mmoja mwezi huu na mwingine baada ya miezi miwili, utakuwa unalinganisha misimu ya matangazo badala ya mifumo.

Kabla hujapewa nywila, andaa orodha ya matangazo 40 unayoyajua tayari, yaliyookotwa kwa mkono kwenye tovuti za wafadhili wenyewe. 15 yawe ya wafadhili ambao hakuna anayeweza kuwakosa: Grants.gov (lango la ruzuku la serikali ya Marekani), Funding & Tenders Portal ya Umoja wa Ulaya, UKRI (wakala wa umma wa Uingereza wa kufadhili utafiti). 15 yawe ya taasisi za wakfu za ukubwa wa kati na vyama vya kitaaluma. 10 yawe ya wafadhili wa nchi yenu na kanda yenu. Kundi la kwanza litakuambia kidogo sana, maana mifumo yote hunyonya data ileile. Tofauti hujitokeza kwenye la pili, na kwenye la tatu huwa kubwa. Kwa hiyo alama za makundi usizijumlishe pamoja, zitafunikana.

Kwa kila tangazo jaza safu tano kwenye jedwali: lipo au halipo, tarehe ya mwisho ni sahihi au siyo, masharti ya mwombaji yameandikwa sawa au siyo, kiungo kinafungua ukurasa wenyewe au ukurasa wa mbele wa mfadhili, na siku ngapi zilipita tangu mfadhili atangaze hadi rekodi ionekane. Safu ya tano inahitaji matangazo mapya, hivyo chagua 10 yatakayotoka ndani ya majaribio na uyachungulie kila asubuhi. Tangazo la wiki sita likichelewa siku 14, theluthi ya muda wa kuandika andiko imeshaliwa kabla mhadhiri hajaliona.

Hiyo inapima kilichomo. Kelele inapimwa hivi. Chukua wahadhiri watatu wa fani zisizofanana, tuseme wa malaria, wa isimu na wa uhandisi wa maji. Tunga utafutaji wa kila mmoja, soma matokeo 50 ya mwanzo, na kila tokeo lipe alama moja kati ya nne: linafaa, halifai kwa mada, halifai kwa masharti, limepitwa na wakati. Hesabu kama saa mbili kwa kila mhadhiri kwa kila mfumo, yaani saa 18 kwa kazi nzima. Fani itakayouumbua mfumo ni isimu. Kwenye tiba kila mfumo unaonekana hodari kwa sababu fedha ni nyingi na istilahi zimenyooka. Kwenye isimu utaletewa kozi za lugha, tuzo za tafsiri na nafasi za kufundisha nje, vyote vikiwa vimebandikwa lebo ya "lugha".

Kuna kipimo kidogo cha dakika tano ambacho watu hukiruka. Tafuta maneno mawili bila alama za nukuu, andika idadi ya matokeo. Yatafute tena ndani ya alama za nukuu. Idadi isipobadilika, mfumo unapuuza nukuu, na utafutaji wowote wa istilahi yenye maneno mawili utakuwa wa kubahatisha. Fanya vivyo hivyo kwa kinyota cha kukatia mwisho wa neno na kwa amri ya kuondoa neno.

andiko_safi

Nakazia aliyosema mkutubi, ila kwenye safu ya masharti na ya tarehe ningekaa zaidi, kwa sababu makosa ya huko ndiyo yanayomla mtu miezi ya kazi.

Masharti kwanza. Kuna mambo mawili yanayochanganywa na kichujio kimoja: uraia wa mtafiti na mahali ilipo taasisi yake. Mfano mzuri ni ruzuku za ERC (Baraza la Utafiti la Ulaya). Mtafiti anaweza kuwa raia wa nchi yoyote duniani, lakini taasisi mwenyeji lazima iwe katika nchi mwanachama wa Umoja wa Ulaya au nchi iliyounganishwa na Horizon Europe, programu ya utafiti ya Umoja huo. Kanzidata yenye sehemu moja tu ya "nchi" itaandika "zote", na mhadhiri asiyekusudia kuhama ataanza kuandika. Kinyume chake pia kipo: matangazo ya ushirikiano ya Horizon Europe yana nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati ambazo taasisi zake hupata fedha moja kwa moja, lakini rekodi iliyobandikwa "Ulaya" itachujwa isionekane kabisa. Kosa la kwanza utalisikia kwa sababu mtu atalalamika. La pili halina mlalamikaji.

Kwa hiyo katika majaribio fungua kichujio cha masharti uone kama kina sehemu mbili tofauti, ya mtu na ya taasisi. Halafu jaribu sharti la muda tangu kupata uzamivu. Ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie, nao wa Umoja wa Ulaya, kwa watafiti wenye uzamivu unataka uzoefu wa utafiti usiozidi miaka 8 tangu shahada hiyo, na mwombaji asiwe ameishi au kufanya kazi katika nchi mwenyeji zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyotangulia. Usitarajie kichujio kikamate hilo la pili. Unachopima ni kama rekodi inalitaja au imeandika "watafiti chipukizi" ikaishia hapo.

Sasa tarehe. Fungua tangazo la R01, ruzuku ya miradi ya utafiti ya NIH (taasisi za taifa za afya za Marekani), katika kila mfumo. Maombi mapya ya R01 yana tarehe tatu za kawaida kwa mwaka: 5 Februari, 5 Juni na 5 Oktoba, na tangazo moja linaweza kuishi miaka mitatu. Mfumo unaoonyesha tarehe moja tu, ile ya kufungwa kwa tangazo lenyewe, utamwambia mhadhiri ana miaka miwili mbele yake. Unaoonyesha tarehe ijayo tu unafaa, ila angalia kama arifa inatumwa tena kila duru au ilitumwa mara moja rekodi ilipoingia.

Pia kuna saa. Horizon Europe hufunga saa 11 jioni kwa saa za Brussels, NIH saa 11 jioni kwa saa za mahali ilipo taasisi inayoomba. Rekodi nyingi huandika tarehe bila saa. Halafu matangazo ya hatua mbili: dokezo la mradi linatakiwa Machi, andiko kamili Agosti, rekodi inaonyesha Agosti. Hili ni kosa la kawaida kuliko yote niliyoyataja. Katika yale matangazo 40, hakikisha angalau 6 ni ya hatua mbili.

Jambo la mwisho linahusu mada. Ukimwekea mtafiti wa malaria arifa yenye neno "malaria", utampa kila kitu kinachotaja malaria na utamnyima fedha kubwa zaidi katika fani yake. Tangazo la jumla la R01, Discovery Awards za Wellcome (wakfu wa Uingereza) na ruzuku za ERC zinapokea mawazo ya mtafiti mwenyewe, kwa hiyo hazina sababu ya kutaja ugonjwa wowote. Kila mhadhiri anahitaji utafutaji wa aina mbili: mmoja wa maneno ya mada yake, mwingine usio na neno hata moja bali vichujio tu, yaani eneo pana la sayansi, aina ya ruzuku, masharti, na kiwango cha chini cha fedha. Huo wa pili hawezi kuutunga mwenyewe. Autungiwe na ofisi ya utafiti.

bila_malipo

Swali lako la pembeni ndilo lingekuwa la kwanza. Kabla ya kununua, ona vya bure vinafika wapi.

Grants.gov inakuruhusu kuhifadhi utafutaji na kupokea barua pepe, na inatoa faili la XML la kanzidata nzima ambalo mtu wa TEHAMA anaweza kulipakua na kulichuja apendavyo. Funding & Tenders Portal ina vichujio vizuri na arifa. UKRI ina ukurasa wake wa kutafutia fursa. Hizo tatu peke yake zinabeba sehemu kubwa ya fedha za serikali zinazotangazwa hadharani na kuvuka mipaka.

Tena kuna kundi la zana ambalo watu hulichanganya na haya: kanzidata za miradi iliyokwisha kupewa fedha. NIH RePORTER na NSF Award Search za Marekani, CORDIS ya Ulaya, Gateway to Research ya Uingereza, zote bure. Hizi hazikuambii kipi kiko wazi leo. Zinakuambia nani alipewa, kiasi gani, kwa kazi ipi, na hapo ndipo mhadhiri anapojua kama wazo lake lina mnunuzi. Ndani ya RePORTER kuna kitu kinaitwa Matchmaker: bandika ikisiri yako, hadi herufi 15,000, kinakuletea miradi inayofanana nayo, taasisi za NIH zilizoifadhili, na maofisa wa programu wanaoisimamia. Kwa mtu wa tiba, dakika kumi hapo zinamfaa kuliko arifa za mwezi mzima.

Mfadhili wa wakfu ndiye asiyepatikana kirahisi bure. Kanzidata ya wakfu ya Candid, shirika la Marekani (lililozaliwa 2019 kwa kuunganishwa Foundation Center na GuideStar), inategemea sana fomu 990-PF ambazo wakfu binafsi za Marekani hujaza kwa mamlaka ya kodi. Fomu hiyo hutakiwa baada ya mwaka wa fedha kwisha, na muda wake unaweza kuongezwa miezi sita, kwa hiyo unachosoma ni ruzuku za mwaka jana au mwaka juzi. Fomu ina kisanduku kinachosema kwamba wakfu hutoa kwa taasisi ilizozichagua yenyewe tu. Kikiwa kimetiwa alama, usipoteze karatasi.

Mtu mmoja ofisini, saa tatu au nne kwa wiki, anatosha kuendesha vyote hivyo.

mkutubi_mifumo

@bila_malipo, kwa chuo chenye fani mbili tatu nakubaliana nawe. Kwa wahadhiri 400 wa kila kitivo sikubaliani. Zana za bure zinagharimu muda wa mtu, na muda huo hukua kwa idadi ya wafadhili wa kuchunguliwa, si kwa idadi ya wahadhiri. Wakubwa watatu ni rahisi. Shida ni ule mkia mrefu wa vyama vya kitaaluma na wakfu ndogo, kila moja na tovuti yake, nyingi bila huduma ya arifa. Kanzidata ya kulipia inanunuliwa kwa ajili ya mkia huo. Ndiyo maana lile kundi la 15 la kati lina uzito kuliko yote katika jaribio. Mfumo ukipata chini ya 9 hapo, mpango wako wa bure unaushinda, na taarifa iseme hivyo bila aibu.

fundi_mtandao

Upande wa kuingia na barua pepe, haya yapimwe ndani ya siku 30 hizohizo, si baada ya kusaini.

Utambuzi kwa anwani ya IP unafanya kazi chuoni tu. Mhadhiri akiwa nyumbani atakutana na ukurasa wa kuomba nywila na hatarudi. Dai SAML 2.0 (njia ya kuingia mfumo wa nje kwa nywila ya chuo) kupitia akaunti ya chuo, na kama chuo kiko ndani ya eduGAIN (mtandao wa kimataifa wa taasisi zinazotambuliana watumiaji) kazi inakuwa nyepesi. Uliza ni taarifa gani mfumo unataka upewe mtu anapoingia. Kitambulisho kisichobadilika, jina na barua pepe vinatosha. Na kitambulisho kisiwe barua pepe yenyewe: mtu akibadilisha jina, anwani inabadilika, mfumo unamfungulia akaunti mpya, na utafutaji wake wote uliohifadhiwa unabaki kwenye ile ya zamani.

Arifa nazo. Baadhi ya mifumo hutuma barua kwa jina la ofisi yenu ya utafiti, ikitumia kikoa cha chuo, lakini kutoka seva za muuzaji. Kama SPF na DKIM (mipangilio inayothibitisha kwamba barua imetumwa kwa idhini ya kikoa) hazijawekwa kuruhusu seva hizo, DMARC (sera ya kikoa kuhusu barua zisizothibitishwa) itazikataa au zitaangukia kwenye barua taka, na hakuna atakayejua. Lililo rahisi ni kumtaka muuzaji atumie kikoa chake mwenyewe. Jaribu kwa kutuma arifa kwa watu watano na kufungua vichwa vya barua, uone kama SPF, DKIM na DMARC zote zimepita.

Mkiruhusu mfumo ujenge wasifu wa wahadhiri kwa kukusanya machapisho mtandaoni, kagua wasifu 20 kabla ya kuuamini. Watu wenye majina yanayofanana huunganishwa, na daktari wa mifugo hupokea matangazo ya falsafa. ORCID (namba ya utambulisho ya mtafiti, yenye ukurasa wa kazi zake) hupunguza tatizo pale tu mhadhiri alipoijaza. ORCID tupu haina msaada.

Mratibu_Tafiti

Nashukuru sana wakuu, hii ni zaidi ya nilivyotegemea. Maswali mawili ya mwisho. Kwenye mkataba niangalie nini? Na baada ya kununua, nitajuaje kama kinatumika kweli, maana ripoti za wauzaji huhesabu walioingia tu?

Mhakiki_Mikataba

Bei kwa kawaida hupangwa kwa ukubwa wa chuo au kiasi cha utafiti kinachofanyika, kwa hiyo andika wazi nani anahesabiwa. Wahadhiri wa muda na wanafunzi wa uzamivu wakiingizwa bila sababu, mnapanda daraja. Ongezeko la bei la kila mwaka liwekewe ukomo kwa asilimia ndani ya mkataba wenyewe, na kifungu cha kujirefusha chenyewe kiondolewe au kidai taarifa ya maandishi.

Soma kifungu cha kusambaza. Mikataba mingi inakataza kubandika maudhui ya rekodi kwenye tovuti ya wazi au jarida la barua pepe linalotoka nje ya chuo. Kama mpango wenu ni jarida la kila wiki, ruhusa iandikwe: jina la tangazo, tarehe, na kiungo cha mfadhili, angalau. Mkataba ukifika mwisho, utafutaji uliohifadhiwa na orodha za matangazo yanayofuatiliwa zitoke kwa CSV (faili la jedwali la kawaida), na wasifu wa wahadhiri ufutwe kwa tarehe iliyotajwa.

Kuhusu matumizi: walioingia usiwahesabu. Kwenye fomu ya ndani ambayo mhadhiri huijaza kabla ya kutuma andiko, ongeza swali moja la lazima, "Tangazo hili umelipata wapi?", lenye chaguo zisizozidi sita: kanzidata, jarida la ofisi ya utafiti, mwenzake, mfadhili moja kwa moja, mitandao, kwingineko. Baada ya miezi 12 gawanya gharama ya usajili kwa idadi ya maandiko yaliyotokana na chaguo la kwanza na la pili. Hiyo ndiyo tarakimu ya kuwapa kamati mkataba unapotaka kurefushwa.

andiko_safi

Nyongeza moja kwa Mratibu. Kanzidata ikileta tangazo la serikali ya Marekani zikiwa zimebaki wiki tatu, na chuo hakijasajiliwa SAM.gov (sajili ya taasisi zinazoomba fedha za serikali hiyo), tangazo hilo ni la kusoma tu. Tangu 4 Aprili 2022 utambulisho wa taasisi unaotakiwa ni UEI wenye tarakimu na herufi 12. Taasisi ya nje ya Marekani inahitaji pia msimbo wa NCAGE (wa kutambulisha taasisi katika mfumo wa NATO) kabla ya kusajiliwa, na usajili huhuishwa kila mwaka. NIH inaongeza usajili wa eRA Commons (mfumo wake wa maombi mtandaoni), na yenyewe inashauri kuanza angalau wiki sita kabla. Upande wa Ulaya ni PIC, namba ya utambulisho wa taasisi yenye tarakimu 9. Vitambulisho hivi, na tarehe ambayo SAM.gov itaisha muda, viwekwe kwenye ukurasa uleule wa ndani ambako kiungo cha kanzidata kitakaa, pamoja na jina la mwenye jukumu la kuhuisha.

mkutubi_mifumo

Na utafutaji ule usio na maneno aliousema andiko_safi uhifadhiwe kwenye akaunti ya ofisi, si ya mtu. Upe jina linaloeleweka, kwa mfano TIBA-jumla-taasisi ya nje, na tarehe uliyoukagua mara ya mwisho. Kwa vitivo vyenu, tafutaji 10 au 12 zinatosha kuanzia. Arifa ya wiki ikivuka matangazo 10, watu huacha kuifungua, hivyo bana kichujio cha kiasi cha fedha kabla hujagusa kitu kingine. Isipokuwa isimu na historia: huko ukiweka kiwango cha chini utabaki na ukurasa mtupu.